Kiputo Kimoja cha Hewa



Injili ya Dominika ya 25 ya Mwaka C (Lk 16:1-13) inatuletea habari za wakili dhalimu, na baada ya mfano huo Bwana wetu anatufundisha kwamba uaminifu wa mtu hupimwa kwanza katika mambo madogo. Tangu nipewe daraja takatifu nimelihubiri somo hilo mara nyingi, na kila mara niliwatazama waamini walioketi mbele yangu nikidhani kwamba wakili huyo yumo miongoni mwao. Juma hili naomba mniruhusu niwasimulie jinsi nilivyomkuta ndani ya nafsi yangu. Jambo lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya ulezi: kiputo cha hewa katika mrija wa mafuta wa ndege ya mfano.

Baadhi yenu mnafahamu kwamba mwezi wa Agosti huenda Bavaria, kusini mwa Ujerumani, kumshikia nafasi paroko wa huko anapokwenda likizo. Mapadre wengi wa Kiafrika hufanya hivyo. Nami huliona kama deni dogo linalolipwa, kwa maana Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia waliofika Peramiho mwaka 1898 walitoka katika nchi hiyo hiyo. Katika kijiji ninachokaa yupo mzee mmoja, fundi mstaafu wa malori, ambaye huhudumu sakristia. Ni mtu wa maneno machache. Kila asubuhi hunifungulia kanisa, huwasha mishumaa, kisha husimama pembeni kama askari wa zamu.

Agosti 2022 mzee huyo na mkewe walinialika uwanjani kwao. Sikujua ni uwanja gani. Nilikuta ukanda wa nyasi zilizokatwa vizuri katikati ya mashamba ya mahindi, na juu ya nyasi zile ndege ndogo zenye injini ya jeti halisi. Nasema halisi kwa makusudi. Hazikuwa na panga mbele, wala hazikwenda kwa betri kama vitu vya watoto. Ndani ya kila moja mlikuwa na turbini yenye unene wa chupa ya maji, ikifanya kazi kwa kanuni ile ile ya ndege zinazotua Dar es Salaam. Hewa huingia mbele, gurudumu la kwanza huikandamiza, mafuta hunyunyizwa na kuwaka, gesi ya moto hutoka kwa nguvu nyuma ikizungusha gurudumu la pili, nalo, kwa kuwa limeunganishwa na la kwanza kwa mhimili mmoja, huendelea kuvuta hewa mpya. Mafuta yake ni ndugu wa mafuta yetu ya taa, yaliyochanganywa na oili kidogo kwa ajili ya kulainisha beringi. Koroboi niliyosomea utotoni na injini ile vinakula chakula kimoja!

Siku hiyo niliona jambo ambalo sikulitilia maanani sana. Kabla ya injini kuwashwa, mke wa mzee alitoa kadi iliyoandikwa kwa mkono wake, akawa anasoma mstari mmoja mmoja kwa sauti, na mumewe anajibu. Betri? Tayari. Mabawa yamefungwa? Tayari. Mtungi wa kuzimia moto? Upo. Ilikuwa kama litania. Mama yule alikuwa hajui kurusha ndege, lakini mumewe hakuwahi kurusha bila yeye kusoma. Aliniambia akicheka, “Padre, yeye ana mikono, mimi nina macho.”

Majira ya baridi yaliyofuata mama huyo alifariki dunia.

Agosti 2023 niliporudi, nilimkuta mzee akiwasha mishumaa kama kawaida, lakini uwanjani hakuwa ameonekana tangu mazishi. Katika karakana yake, chini ya nyumba, palikuwa na sanduku kubwa ambalo halijafunguliwa. Lilikuwa na ndege mpya, yenye urefu wa karibu mita 2, ambayo wao wawili waliiagiza pamoja mama akiwa bado mzima. Nilimwambia, “Mzee, tufungue.” Alifikiri kwa siku mbili, kisha akanikabidhi kisu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi msaidizi. Nilipiga msasa ukuta wa ndani wa kiwiliwili, ambacho ni cha faibaglasi na nyuzi za kaboni, ili gundi ishike. Nilishika taa mzee alipofunga vimota vinavyovuta usukani na mabawa. Kila kimoja alikijaribu mara nyingi kabla ya kukifunga, kwa kuwa chombo chenye uzito wa mtoto wa miaka mitatu na mwendo wa zaidi ya kilomita 250 kwa saa hakisamehe skrubu iliyolegea.

Mzee alizungumza zaidi katika karakana kuliko mahali pengine popote. Alinisimulia jinsi Frank Whittle wa Uingereza alivyowasha injini yake ya kwanza ya jeti mwaka 1937, na jinsi injini ya Mjerumani Hans von Ohain ilivyorusha ndege mwezi wa Agosti 1939, siku chache tu kabla ya vita. Kwa muda mrefu, alisema, wataalamu wengi waliamini kwamba turbini haiwezi kufanywa ndogo kiasi cha kuingia katika ndege ya mfano. Kisha Mjerumani mwingine, Kurt Schreckling, akajitengenezea ya kwake kwa zana za kawaida, na gurudumu lake la kukandamiza hewa lilikuwa la mbao nyembamba zilizogandishwa na kuimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Mbao, katika injini ya jeti! Baadaye alieleza yote katika kitabu ili wengine nao wajaribu. Leo turbini hizo hutoka viwandani zikiwa na kompyuta ndogo ya kuziongoza, na bei ya moja yatosha kununua pikipiki mpya na chenji ikabaki. Ile ya mzee huzunguka yapata mara 35,000 kwa dakika ikiwa imetulia, na zaidi ya mara 120,000 inapopewa mafuta yote. Msukumo wake ni wa kilo zipatazo 14.

Lakini kilichonivutia zaidi ni kitu cha bei ndogo kabisa. Kati ya tangi kubwa la mafuta na pampu huwekwa tangi dogo, la kutosha labda nusu kikombe. Kazi yake ni kunasa hewa. Turbini haina subira na hewa katika mafuta yake. Hewa ikifika kwenye moto, moto hukatika mara moja, na angani hakuna nafasi ya kusimama pembeni mwa njia. Basi tangi lile dogo hupokea kila kiputo kinachopotea njia na kukiweka juu, huku mafuta safi yakiendelea kutoka chini. Nilimwambia mzee kwamba hilo ni kama dhamiri. Akanijibu kwamba yeye angelilinganisha na mke.

Agosti 2024 ndege ilikuwa imekamilika isipokuwa mirija ya mafuta. Mzee alinionyesha namna ya kuingiza mrija katika kichomeo chake na kuufunga kwa waya mwembamba, mizunguko miwili, kisha kuuvuta kwa nguvu ili kuhakikisha. Akaniachia kiungo kimoja, kile cha kati ya tangi kubwa na tangi dogo. Ilikuwa jioni ya tarehe 15, Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, siku ambayo wenyeji huleta mafungu ya maua na mitishamba kanisani yabarikiwe. Nilikuwa nimeadhimisha Misa tatu na nimechoka. Nilizungusha waya mara moja tu, nikasokota, nikaona inatosha. Sikuvuta.

Jumamosi tarehe 17 tulikwenda uwanjani. Watu kama 20 walikuwepo, wengi wao waamini wa kanisa letu, kwa maana habari zilienea kwamba mzee anarusha tena. Ngazi za kukunja, vikapu vya keki, watoto juu ya mabega ya baba zao. Kwa upande wa magharibi wingu jeusi lilikuwa limeanza kupanda, na msimamizi wa uwanja alituambia tuna nusu saa. Mzee akatoa kadi ya marehemu mkewe kutoka mfukoni mwa shati, akaifuta kwa kiganja, akanipa. “Padre, soma wewe.”

Nilisoma, naye akajibu. Injini ikawashwa. Kwanza kimota kinaizungusha, kisha moto unashika, halafu sauti ile inayoanza kama mluzi na kupanda mpaka kifua kinatetemeka. Ilipotulia, tulibaki na mstari wa mwisho. Kwa kuwa ndege ilikuwa mpya, kifuniko cha mbele kilikuwa bado wazi, na kadi ilitaka msomaji aangalie mrija wakati injini inanguruma: tangi dogo limejaa, viputo hakuna.

Nilipiga magoti ubavuni, nikatazama. Kiputo kimoja kilitoka kwenye kiungo changu, kikasafiri taratibu ndani ya mrija, kikaingia katika tangi dogo na kupanda juu. Baada ya muda, cha pili.

Ndugu zangu, nilijua. Nilijua ni kiungo gani na ni mkono wa nani. Mzee, aliyekuwa ameshika rimoti na macho yake yakiwa kwenye namba za joto la injini, aliniuliza kwa sauti ya juu, “Viputo?” Ingenilazimu kusema, “Vipo, zima.” Injini ingezimwa, ingesubiriwa ipoe, mrija ungefunguliwa mbele ya watu wale wote, na wote wangeona waya wa mzunguko mmoja. Wingu lingefika, watu wangerudi nyumbani. Kwa wiki mbili walikuwa wakinisifu kwamba Padre wetu wa Afrika ana mikono ya fundi. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kuyaandika. Nikasema, “Hakuna.”

Ndege iliruka vizuri sana. Ilipita mbele yetu ikimetameta, ikageuka juu ya kanisa, ikapanda wima mpaka ikawa nukta. Nilimwona mzee akitabasamu, na nikaanza kujihesabia haki: mbona inaruka, vile vilikuwa viputo viwili tu. Nilisahau kazi ya tangi dogo. Lilikuwa linapokea kila kiputo bila malalamiko, dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hewa iliyokusanyika juu ilikuwa inashuka polepole kuelekea mdomo wa mrija. Uwongo wangu haukuangusha ndege ile mara moja. Ulihifadhiwa.

Katika dakika ya tano, ndege ikiwa imeteremka na kugeuka ili itue, sauti ilikatika. Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Mzee alifanya yote ambayo binadamu angeweza kufanya. Aliinamisha pua ili isipoteze mwendo, akaielekeza kwenye nyasi, lakini nguvu haikutosha. Ilizama katika mahindi yaliyoshinda kimo cha mtu. Vijana wawili walikimbia na mtungi wa kuzimia moto, ila hapakuwa na moto. Tulitafuta kwa robo saa tukipasua mistari ya mahindi, na mimi niliyelelewa kati ya mahindi nilikuwa wa kwanza kuiona. Pua ilikuwa imevunjika, bawa moja limechanika, gurudumu la mbele limeng'oka, na mdomo wa injini umejaa udongo na majani. Mvua ikaanza.

Usiku ule, mezani jikoni, mzee aliunganisha kompyuta ya injini na kusoma kumbukumbu zake. Mizunguko ilikuwa imeshuka ghafla huku pampu ikisukuma kwa nguvu zaidi. “Hewa,” alisema. Kisha akaanza kujihukumu. Labda alikunja mrija ndani ya tangi kubwa. Labda macho yake yamekwisha. Alisema, “Yeye alikuwa macho yangu. Bila yeye nisingepaswa kurusha. Nimezeeka, Padre. Inatosha.” Nami niliketi mbele yake, na kadi ya mkewe ikiwa bado katika mfuko wangu, nikamwambia maneno ya faraja.

Hapo ndipo ilipo dhambi yangu, wapendwa. Kusema “hakuna” pale uwanjani ilikuwa hofu ya nusu dakika. Lakini kumwacha mjane ajibebeshe kosa langu, na kumfariji kwa sauti ya kichungaji, hilo nililifanya nikiwa nimetulia.

Dominika asubuhi alinifungulia kanisa. Niliadhimisha Misa. Wakati wa kutakiana amani alikuja mpaka altareni, akanipa mkono. Nilikumbuka agizo la Bwana katika Mathayo sura ya 5 kwa yule anayeleta sadaka yake huku ndugu yake ana neno juu yake. Tatizo ni kwamba ndugu yangu hakuwa na neno juu yangu, kwa kuwa nilikuwa nimemnyima hata haki ya kulijua.

Jumatatu nilipanda gari moshi kwenda Altötting, kwenye madhabahu ya Mama Maria, kuungama kwa Wakapuchini. Ndiko alikoishi Mtakatifu Konrad wa Parzham, bruda ambaye kwa miaka 41 kazi yake ilikuwa moja, kufungua mlango wa konventi kengele inapolia. Alifariki mwaka 1894 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1934. Hakuhubiri mahali popote penye sifa. Alifungua mlango, akawapa maskini mkate, akafunga, akafungua tena. Mimi nilishindwa kufungua mdomo mara moja. Padre mzee aliyeniungamisha hakunipa Rozari wala Zaburi iwe malipizi. Aliniagiza nirudi kwa mwenye ndege, nimwambie kabla jua halijazama.

Nilimkuta karakanani. Nilimwambia yote: mzunguko mmoja wa waya, kiputo cha kwanza, cha pili, na jibu nililotoa. Sikuongeza uchovu wala wingu, ingawa vilinijia ulimini. Hakunijibu kwa muda mrefu. Kisha akanyosha mkono, nikamrudishia kadi. Akaiweka juu ya rafu na kuniambia, bila ukali, “Nenda nyumbani, Padre.”

Kwa siku tatu kanisa nililifungua mwenyewe. Niliwahi kufundisha seminarini kwamba maondoleo hayaondoi madhara ya dhambi, na nilikuwa nimepata alama nzuri katika somo hilo. Sasa nililijifunza kwa kubeba funguo.

Siku ya nne aliniita kwa simu. Juu ya meza palikuwa na mrija, kichomeo na kichomoleo cha waya. Hakuzungumzia msamaha. Alisema, “Funga.” Nikafunga, mizunguko miwili, nikavuta. Akakagua, akakata, akasema, “Tena.” Nilifunga mara kumi na moja. Mara ya mwisho hakukata. Akasema, “Mke wangu angekusomesha kadi yote upya tangu mwanzo.” Kisha akasema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike tafakari hii: “Nilidhani nimekwisha. Kumbe ni waya tu.”

Nimelitafakari neno hilo kwa mwaka mzima. Tunapoficha kosa dogo tunadhani tunajilinda sisi wenyewe tu. Hatuoni kwamba kosa halibaki hewani. Lazima limwangukie mtu, na mara nyingi humwangukia aliye mnyenyekevu kuliko sote, yule aliye tayari kuamini kwamba yeye ndiye mwenye lawama. Ni mama anayedhani amemlea mtoto vibaya, ilhali baba anajua fedha ya ada ilikwenda wapi. Ni mhasibu wa kigango anayelala bila usingizi akitafuta shilingi ambazo mwingine alizikopa kimya kimya. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, wazee wetu walisema. Nami naongeza kwamba ni mpenzi wa jirani pia, kwa maana ukweli wake humtua mwenzake mzigo usio wake.

Tena tusidanganywe na kuruka vizuri. Ndoa inaweza kuruka vizuri, parokia inaweza kuruka vizuri, upadre unaweza kumetameta juu ya kanisa, na tangi dogo likaendelea kupokea hewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Neema ya Sakramenti ya Kitubio ni kwamba inatuita kufungua kifuniko injini ikiwa bado chini, wakati ambapo gharama yake ni aibu ya nusu saa tu.

Agosti 2025 nilirudi Bavaria. Turbini ilikuwa imesafishwa na kuwekwa beringi mpya, na bawa lilikuwa na kovu ambalo mzee hakulipaka rangi. Uwanjani walikuwepo watu watatu tu. Alitoa kadi mfukoni, akaishika kidogo, akanipa mimi. Aliniambia, “Soma polepole.” Nilisoma polepole. Mstari wa mwisho nilipiga magoti, nikatazama mrija kwa dakika nzima kwa saa yangu ya mkononi, kabla ya kumjibu kwamba hakuna.

Juma hili nawaomba kila mmoja wenu ajiulize swali moja tu: ni jambo gani dogo nililolijibu “hakuna” wakati lilikuwepo, na ni nani analibeba sasa badala yangu? Msisubiri Kwaresima. Jumamosi, kuanzia saa kumi jioni, nitakuwa katika kiti cha maungamo. Nami, kabla ya kuketi hapo, nitakuwa nimekwenda kwa paroko jirani kuungama ya kwangu.

Mungu mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Nawatakieni Dominika njema.

Wenu katika Kristo,
Paroko